Medali Haigawanyiki

Mbuya, Jumanne jioni, mwezi wa tisa

Acen mwanangu,

Mambo ya sweta, ya pasipoti, na ya kutomwachia mtu usiyemjua begi lako, mama yako amekwisha kuyasema, na mjomba wako ameyasema tena kwa simu kutoka Bungoma. Mimi sitayarudia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Kilango changu, lugha ya kwetu Lira, mama yako hakukipata, na Kibukusu chake kilinishinda ulimi, tukakutana katikati, kwenye lugha ya kambi ya jeshi, na ninyi wawili, wewe na pacha wako Opio, mkazaliwa ndani yake. Unajua shule yangu iliishia darasa la saba, na baada ya hapo nilichosoma zaidi ni alama za barabarani. Ukiona nimekosea mahali, pita tu.

Ninachotaka kusema ni juu ya medali, na juu ya ahadi uliyoitoa Jumapili mbele ya watu, kwenye karamu ya kukuaga.

Nilikuwa nimesimama karibu na masufuria, nagawa soda, mshereheshaji alipoita: "Nalongo! Nalongo wetu asimame! Leta hiyo dhahabu watu waone!" Si dhahabu, ni shaba, lakini yule kijana kazi yake ni kupiga kelele. Mama yako akaifungua medali ya Opio kutoka kwenye kitambaa chake cheupe, akakuvika shingoni. Akasema, "Nenda ukamalize alichoanza mwenzako. Pacha hupewa sawa." Nawe ukashika kipaza sauti, ukasema utaileta ile kubwa, ile wanayopewa wakuu wa hesabu wa dunia nzima, na utaileta kabla hujapita miaka arobaini, na ukishaipata utaipeleka Lira uiweke juu ya kaburi la ndugu yako. Vigelegele vikapanda mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Jirani yetu Mzee Drani akanipiga bega. "Salongo, mtoto yako iko na kichwa! Wewe sasa nakaa tu, nangoja ndege inakuletea pesa." Nikacheka, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Ulinitafuta kwa macho wakati ule. Niliona. Nikainama kufungua soda.

Basi hayo ndiyo ninayotaka kuyajibu sasa, nikiwa nimekaa, bila soda mkononi.

Mlipozaliwa, Kampala ilitupa majina ambayo hayavuliwi. Mimi Salongo, mama yako Nalongo, baba na mama wa pacha. Kwetu Lango nako majina yenu yalikuwa yamekwisha kuwekwa kabla hamjalia: wa kwanza akiwa mvulana ni Opio, wa pili akiwa msichana ni Acen. Na pamoja na majina ikaja sheria. Akipewa huyu, apewe na yule. Viatu jozi mbili, mayai mawili, na kofi likitoka, makofi mawili. Shangazi yenu alipokuja na shati moja la Opio mama yako alimrudishia mlangoni, shati na mkono uliolishika. Mimi niliipenda sheria hiyo. Nilitoka nyumba ya watoto wengi ambako mwenye nguvu ndiye aliyeshiba, nikaona huu ni uungwana.

Lakini vichwa hatukuvigawa sisi. Mnakumbuka machungwa? Nimeandika "mnakumbuka". Naliacha hivyo hivyo. Mlikuwa wadogo, mmekaa nyuma ya meza ya mama yenu sokoni Nakawa, na yeye amepanga machungwa yake kama mlima, safu juu ya safu. Opio akatazama mara moja, akataja yapo mangapi pamoja na yale yasiyoonekana, akakimbia kwenda kucheza. Alikuwa sahihi. Wateja wakampigia makofi. Wewe ulibaki. Uliyashusha, ukayapanga tena, ukayashusha. Mama yako akasema, "Acha machungwa ya watu, unayachubua!" Ukamuuliza kwa nini katikati ya machungwa kunabaki nafasi, na kama hakuna namna ya kuyapanga itakayoiba hata sehemu ndogo ya nafasi ile. Ulikuwa ungali unauliza tukiwa tumefika Mbuya, tumekula, tumenawa.

Opio alipenda swali liishe. Wewe hukupenda liishe. Walimu walimwita yeye moto, na wewe wakakuita mzito. Mmoja aliniambia mbele yako, "Afande, huyu wa kike atafika, lakini atafika jioni." Nami nikacheka pale pia. Naona katika barua hii nimekwisha kucheka mara mbili mahali ambapo sikupaswa.

Opio ndiye aliyetufundisha habari za tuzo. Ukutani mwenu alibandika picha za washindi, akatuambia medali kubwa kuliko zote hutolewa mara moja kila miaka minne, na ukishapita arobaini, hata ukiwa na akili ya malaika, imekupita. Mama yako alishangaa sana. Mimi niliona ni ukatili, kuiwekea akili ya mtu tarehe ya mwisho kama maziwa ya paketi. Palikuwa na picha ya bwana mmoja mwembamba, shati lake halijapigwa pasi, kola imekunjamana. Mama yako alipita na ndoo akasimama. "Huyu nani anamfulia?" Opio akasema, "Mama, huyu amevumbua jambo ambalo watu hawakuliweza kwa miaka mia!" Mama yako akasema, "Sawa, lakini shati?" Mlicheka mpaka wewe ukakaa chini. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka sote wanne tukicheka kitu kimoja.

Kisha akaenda kwenye mashindano ya hesabu ya vijana wa Afrika, akarudi na shaba yake. Na hapa ndipo ninapoanza mimi.

Mama yako aliitazama ile medali moja, akawatazama ninyi wawili, akaogopa. Alisema nyumba haitakuwa na amani. Mimi sikubisha. Nilishuka mjini kwenye duka la vikombe na ngao, nikaonyesha picha, wakanitengenezea nyingine kama ile, na utepe wa rangi ile ile. Nikakuvika. Niliona nakutendea haki. Ulikuwa na miaka kumi na sita, unajua kila kitu, ukasema "Asante, baba" kwa sauti ya mtu anayepokea dawa. Ulivaa siku ile kwenda shule kwa sababu mama yako alisimama mlangoni kuhakikisha. Wiki haikuisha wenzako wa shule wakawa wanakuita Acen wa Owino, kwamba medali yako imetoka kwenye rundo la mitumba la soko lile. "Acen, hiyo ulichagua mwenyewe ama walikufungia kwa bale?" Nilisikia kwa masikio yangu nilipokuja kuwachukua. Mtoto aliyeshindwa peke yake huachwa ashindwe kwa amani. Mimi nilikupa kushindwa kwa kung'aa, kwa kuvaliwa shingoni.

Siku ya sherehe ya kumpongeza Opio pale shuleni unaijua kuliko mimi, kwa sababu wewe ulikuwa unamtazama Opio na mimi nilikuwa naitazama barabara. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja. Tuliahidiwa atafika asubuhi, na saa ya chakula ikapita hajaonekana. Opio walimsimamisha mbele, nje ya turubai, ili magari yakiingia tu wapiga picha wampate na medali yake. Ukanijia, ukanivuta mkono wa koti. "Baba, Opio anatetemeka." Nikasema, "Ni jua tu." Ukaondoka, ukarudi. "Baba, si jua. Anatetemeka huku amejikunja, mguse." Nami nikakuambia, na mama yako akasikia, na mwalimu wenu akasikia na kutabasamu:

"Acha wivu, Acen."

Hukurudi mara ya tatu. Ulikwenda ukasimama kando yake na ile medali yako ya mjini, mkasubiri pamoja. Watu wakasema tazama pacha wanavyopendana. Kumbe ulikuwa unamshikilia asianguke.

Ilikuwa malaria, imekwisha kupanda kichwani. Daktari aliuliza homa ilianza lini na mimi nikakutazama wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyejua. Hukuniumbua. Ulijibu saa, ukajibu siku.

Na maneno ya mama yako pale kwenye korido ya hospitali, sitajifanya hukuyasikia. Ulikuwa umeshika chupa ya uji uliomletea Opio, bado wa moto, na nesi alikuwa ametoka kutuambia. Mama yako alisema, "Mungu, mbona umechukua mwenye akili?" Alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo wote watatu tunaielewa. Mimi nilikuja nikaipokea ile chupa mkononi mwako, kana kwamba uzito wake ndio uliokuwa tatizo. Miaka hii yote nimekuwa na maneno mazuri ya kusema pale, nayapata nikiwa naendesha, nayapata nikiwa nimekaa getini Nakasero kazini, na kila nikiyapata, korido ile haipo.

Baadaye ukaanza kuwa Opio. Sikuelewa mara moja. Kwanza ulikata nywele. Kisha ukaanza kufanya hesabu kwa haraka, kalamu inakimbia, mguu unagonga sakafu kama alivyogonga yeye. Ukahamia upande wake wa meza. Mama yako akapata nguvu kidogo, akaanza kula, na mimi nikaona heri. Ulipofaulu mtihani akasema pacha hupewa sawa, akachukua nakala ya cheti chako, akaitia plastiki, na Krismasi tulipofika Lira akaiweka kaburini chini ya jiwe. Mwaka uliofuata tena. Cheti cha chuo, vilevile. Hakuna kitu ulichokipata ambacho hukukitolea nusu. Na barua ya kukubaliwa kusoma hesabu huko ng'ambo uendako ilipokuja, kabla hajakukumbatia alikuuliza nakala zitatolewa wapi.

Usimchukie. Simwandikii hesabu ya makosa. Yeye alifanya kwa uwazi jambo nililolianza mimi kule dukani mjini. Mimi ndiye niliyesema kwamba heshima ya mtu inaweza kutengenezewa ya pili, akapewa mwingine.

Mwezi uliopita nilikupitia pale Nakawa tumsaidie mama yako kubeba, nikakukuta umekaa nyuma ya meza na machungwa mapajani. Nikakuuliza unafanya nini, ukaniambia kwamba lile swali lako la utotoni ni swali kweli, kwamba watu wamelisumbukia karne kwa karne, kwamba hata kwenye nafasi zenye pande nyingi ambazo macho hayazioni wanapanga mipira, na wapo waliopewa tuzo kwa ajili yake. Yule mama wa nyanya meza ya pili akaruka: "Nyabo, wanapewa medali kwa kupanga? Basi sisi wa Nakawa wametuibia! Mimi napanga tangu enzi za babu yako!" Akataka tukamshtakie yule anayezigawa. Mlicheka, na mama yako alicheka. Wewe ukaendelea kueleza, mikono inazunguka hewani, unarudi nyuma, unasema "hapana, ngoja, si hivyo", unaanza upya. Mguu wako haukugonga chini. Nikasema moyoni, huyu ndiye niliyemzaa. Alikuwa wapi?

Halafu Jumapili ukaahidi.

Baada ya wageni kuanza kula nilikufuata nyuma ya tangi la maji. Ulikuwa umeinama, umetapika, unasugua shingo kwa maji mahali utepe ulipokuwa. Nikakuuliza, "Umekula nini?" Ukajifuta, ukaniambia, "Hakuna, baba. Ni jua tu."

Acen. Sijui kama ulikusudia. Hata kama hukukusudia, neno lile nililipokea.

Nimewatazama sana hao washindi siku hizi, kwenye simu yako ya zamani, zamu inapokuwa shwari. Wanasimama na mtu mkubwa, mkono mmoja unashikwa, mwingine umeshika kijisanduku. Wengine wanatabasamu, wengine wana uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Kila mara najikuta natafuta yupi anatetemeka. Wale walioshindwa kidogo tu hawana picha. Waliofikisha arobaini na moja wakiwa na jawabu mkononi, hao nao hawana. Nimejiuliza kama wapo walioenda kule kwa ajili ya mtu mwingine, na kama medali ilipofika ilimpata mtu ndani ya lile shati.

Sisemi usiitake. Ukiitaka, itake kwa choyo. Itake wewe, kama mtoto anavyotaka chungwa zima bila kumega. Ninachokuomba ni kwamba usiipeleke kwa mtu. Ile ahadi ya Jumapili naifuta mimi, Salongo, niliyekusikia ukiitoa. Nilipewa jina hilo kwa sababu yenu, basi acha angalau mara moja nilitumie kwa kazi. Sheria ya kupewa sawa ilikuwa ya watoto wawili walio hai. Aliyelala Lira hahitaji kitu. Kaburi lake nitalipalilia mimi, na nakala zako nitazitoa chini ya jiwe nikuhifadhie, kwa sababu ni zako.

Na nimeitoa medali ya Opio kwenye begi lako. Ilikuwa chini ya sweta. Usiitafute huko ukafikiri imepotea njiani.

Nilimwambia mama yako saa ile ile, sikutaka kufanya kwa siri. Alikuwa anakukaangia karanga za safari. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anakoroga. Akasema, "Basi umemuua mara ya pili, na safari hii hukumsubiri mgeni." Nikasema, "Labda." Akazitoa karanga motoni, akazifunga vizuri kwenye mfuko, akaziweka mezani. Kisha akaniambia kesho hatakuja uwanja wa ndege Entebbe.

Nilimwomba. Nilipiga magoti, mwanangu, na magoti yangu unayajua. Amesema mtoto anayekwenda kwa ajili yake mwenyewe anajua njia ya kwenda. Pengine asubuhi atageuka, lakini namjua kwa miaka mingi, na nadhani tutakapoamka atakuwa amekwisha kwenda sokoni kama siku yoyote. Usibishe hodi chumbani. Usimpigie simu ukiwa kwenye foleni ukamwahidi tena ile medali ili aje. Najua utataka. Najua kwamba neno moja tu lingetosha, na angepanda boda akafika akilia, akakukumbatia mpaka watu wakatazama. Hilo ndilo gumu ninalokuomba, usilitamke. Ukilitamka, utaondoka na mama, na wewe mwenyewe utabaki hapa.

Nimeilipa bei hii kwa niaba yako bila kukuuliza, na sina hakika kama nilikuwa na haki. Inawezekana hili nalo ni kosa, na siku moja utamwandikia mwanao juu yake. Ila siku ile ulinivuta koti mara mbili, na Jumapili ulinitazama mara moja. Sikuweza kungoja tena.

Usipoipata, na watu wengi wenye akili hawaipati, usituandikie barua ya kuomba radhi. Rudi ufundishe, au usirudi, au kaa na swali moja mpaka uzeeke nalo. Ukifika jioni, jioni nayo ni saa. Na ukiipata, wakakuuliza pale jukwaani unamshukuru nani, taja waliokufundisha, kisha ukae. Usitutaje. Mimi nitajua.

Kesho nitakaa mbele na dereva, sitasema mengi, unanijua. Mimi si mtu wa kupungia mkono. Nitasimama pale wanapozuia wasiosafiri mpaka nisikuone.

Nikumbuke, mwanangu.

Baba yako